Injini Ikifunguliwa: Kipi cha Taiming Kibadilishwe, Kipi Kirudi

Mama mmoja anayesambaza mayai kutoka Kasarani hadi maduka ya Eastleigh aliniletea Probox yake ikila oili karibu lita moja kila wiki mbili. Ringi za pistoni zilikuwa zimeisha, hilo halikuwa na ubishi, na injini ilibidi ifunguliwe. Lakini alikuja pia na karatasi aliyoandikiwa kwenye duka la spea kule Kirinyaga Road, ambako wengi wetu bado tunakuita Grogan. Ilikuwa na vitu tisa vya taiming, yaani mfumo unaounganisha krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) na kamshafti (mhimili unaofungua valvu): cheni, tensiona inayokaza cheni, reli mbili za cheni, sproketi (gurudumu la meno) ya krenki, gia ya VVT-i inayobadilisha wakati wa valvu kufunguka, sproketi ya kamshafti ya upande wa moshi, sili ya mbele, na pampu ya oili. Akaniuliza, "Fundi, hivi vyote ni lazima ama naongezewa bili?"

Swali hilo nalisikia kila mara, na majibu mawili mafupi yanayozunguka kwenye gereji zetu yote yanamwumiza mwenye gari. La kwanza ni "badilisha kila kitu," linalomfanya mtu alipie chuma ambacho kingeendesha gari miaka mingine kumi. La pili ni "kama hailii, irudishe," nalo ndilo linalofanya injini iliyofunguliwa Januari ifunguliwe tena Juni. Jibu la kweli hutofautiana kwa kila kifaa, kwa sababu kila kimoja huchoka kwa njia yake.

Tuanze na kazi yenyewe. Krenki huzunguka mara mbili kamshafti ikizunguka mara moja. Injini ikienda mizunguko 6,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka na kufunga mara 50 kwa sekunde moja, na pistoni inapanda kuelekea mahali pale pale valvu iliposhukia. Kwenye 1NZ-FE, injini ya Probox hiyo na ya Vitz, Fielder na Axio nyingi za lita 1.5, nafasi ni ile ile wanayoigombania: valvu ikichelewa kurudi, pistoni inaigonga na kuipinda. Kwenye injini za 4A-FE na 5A-FE za Corolla za zamani, pistoni na valvu hazikutani hata taiming ikipotea kabisa. Mkanda wa mpira, unaofanya kazi ya cheni kwenye injini hizo, ukikatika gari linazima, unavutwa hadi gereji, unafungiwa mkanda mpya na kuendelea. Kwa hiyo kabla ya kushika spana, jua kwanza injini iliyo mbele yako ni ya aina gani. Kifaa cha taiming kikifa, kinakufa peke yake au kinakufa na valvu zote?

Sasa cheni. Watu husema cheni "imevutika," na picha inayowajia ni ya mpira. Chuma cha cheni hakivutiki hivyo. Kila kiungo kina pini inayozunguka ndani ya tundu lake, na kila siku pini na tundu hulana kidogo sana. Chukua cheni ya viungo 120, kila kimoja kiliwe milimita 0.03, unene ambao jicho haliwezi kuuona. Cheni nzima imeongezeka milimita 3.6. Tensiona inakula ule ulegevu wa upande wa kurudi, lakini upande unaovutwa, ule unaotoka krenki kwenda kuvuta kamshafti, hauna wa kuusahihisha. Kama theluthi moja ya nyongeza iko upande huo, ni milimita 1.2. Kwenye cheni yenye nafasi ya milimita 8 kati ya pini na pini, na sproketi ya krenki ya meno 18, jino moja ni nyuzi 20 za krenki, kwa hiyo hizo milimita 1.2 ni kama nyuzi 3 za kuchelewa. Gari halizimi. Linapoteza nguvu kidogo kwenye mlima, linaongeza mafuta kidogo, na dereva anaona ni petroli mbaya. Kwenye 1NZ-FE kuna jambo la ziada: VVT-i iko kwenye kamshafti ya kuingiza hewa tu, kwa hiyo kompyuta inaweza kusahihisha upande huo kwa kiasi fulani, ilhali upande wa moshi unabaki umechelewa. Siku tofauti inapozidi kiwango, taa ya injini inawaka, na mashine ya kusoma inatoa P0016, yaani krenki na kamshafti havikubaliani tena.

Hapa ndipo boda boda inatufundisha vizuri kuliko kitabu. Muulize mwendeshaji yeyote wa Boxer kama anaweza kufunga cheni mpya kwenye sproketi kuukuu. Atakuambia hapana, kwa sababu meno yameshakaa kama ndoano, na cheni mpya italiwa haraka. Ndiyo maana duka linamuuzia cheni na sproketi mbili kwa pamoja. Ndani ya injini ni vivyo hivyo, ila kila kitu kinaogelea kwenye oili, kwa hiyo ulaji ni wa polepole zaidi. Cheni iliyorefuka hukaa juu zaidi kwenye jino, na jino linachongeka kufuata urefu huo. Ukifunga cheni mpya hapo, viungo vichache vinabeba mzigo wa vyote.

Lakini "cheni na sproketi huchoka pamoja" haimaanishi zote huchoka kwa kasi moja. Sproketi ndogo ya krenki hukutana na cheni mara mbili zaidi ya ile ya kamshafti, na meno yake ni nusu. Ndiyo inayokwisha kwanza. Kwa hiyo mimi nikibadilisha cheni, sproketi ya krenki haina mjadala: inabadilishwa, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na kazi. Zile za kamshafti napima. Vitabu vya Toyota vinaonyesha njia iliyo rahisi: unazungusha cheni juu ya sproketi na kupima kipenyo kwa vernia (kipimo cha kubana), cheni ikiwa juu yake, kisha unalinganisha na kiwango cha chini kilichoandikwa kwa injini hiyo. Cheni yenyewe inavutwa kwa mzani, kilo kama 15, na urefu wa idadi fulani ya viungo unapimwa sehemu tatu au zaidi, maana cheni hailiki sawasawa kote. Usipime sehemu moja ukaridhika.

Nilipimia mbele ya yule mama. Nilitaka aone kwa macho yake. Cheni ilikuwa imepita kiwango sehemu mbili kati ya nne. Reli ndiyo iliyomshtua. Kwenye ile reli ya kuegemea, ile inayosukumwa na tensiona, cheni ilikuwa imechimba mitaro miwili kwenye plastiki, na ukiingiza ukucha unazama. Kikomo cha Toyota kwa reli hizo ni milimita 1.0 ya ulaji. Yake ilikuwa 1.4. Akapitisha kidole mle ndani ya mtaro, akaangalia kipande cha plastiki kilichomegeka ukingoni, akauliza, "Na hicho kipande kingine kiko wapi?" Tulikipata kwenye chujio la sampu ya oili, kimebanwa na wavu. Kingekaa pale siku chache zaidi, pampu ingeanza kukosa oili.

Kwa reli na tensiona sina upole. Injini ikifunguliwa kwa ajili ya kufufuliwa, vinabadilishwa, hata kama reli iko kwenye 0.6 badala ya 1.0. Plastiki inapikwa na oili ya moto kwa miaka, inakuwa kavu, na ufa wake hauonekani mpaka imemegeka. Tensiona ni kifaa cha oili: ndani kuna springi, pistoni ndogo na kizuizi cha meno kinachoizuia isirudi nyuma injini ikizimwa. Unaweza kuijaribu mkononi. Inua kizuizi kwa kidole, sukuma pistoni, inapaswa kuingia na kutoka laini. Achilia kizuizi, sukuma tena, inapaswa kugoma kabisa. Ikirudi nyuma hata kidogo, ndiyo inayokupa ule mlio wa "kra-kra-kra" wa sekunde mbili tatu alfajiri unapowasha, kabla shinikizo la oili halijafika. Hata ikipita jaribio hilo, mimi siirudishi kwenye injini iliyofanyiwa kazi kubwa. Ukiamua kubaki na ya zamani, angalau iangalie kabla hujaitoa: pistoni yake imetoka kiasi gani? Ikiwa imejitokeza karibu yote, cheni imekwisha, hata kabla hujapima.

Gia ya VVT-i ni habari nyingine. Ndiyo kitu ghali kwenye orodha ile, na ndiyo ambayo watu hubadilishiwa bila sababu. Ndani yake kuna mapezi yanayosukumwa na oili na pini ndogo inayofunga gia injini ikizimwa. Inapokufa, mara nyingi ni pini hiyo imelegea na tundu lake limepanuka, ndiyo inagonga wakati wa kuwasha. Jaribio lake halihitaji mashine kubwa: shika kamshafti kwenye jiriwa yenye mbao laini, hakikisha gia imefungwa na haichezi. Kisha ziba njia nyingine za oili kwa tepu, puliza hewa ya kompresa kwenye njia zinazotakiwa, na uone kama pini inaachilia na gia inazunguka laini mpaka mwisho wake. Ikifunga vizuri na kuachilia vizuri, na meno yake yakipita kipimo cha vernia, irudishe. Ya yule mama ilipita, na karatasi ikapungua kwa kitu kimoja kikubwa. Kilichohitajika ni kusafisha valvu ndogo ya oili inayoiendesha na chujio lake, ambalo lilikuwa na utando mweusi.

Huo utando mweusi ndio ningetaka kila mwenye gari aujue. Cheni haifi kwa kilomita peke yake, inauawa zaidi na oili. Pini inazunguka kwenye tundu lake juu ya utando mwembamba wa oili, na oili iliyochoka imejaa masizi yanayosugua kama msasa. Foleni zetu zinafanya hesabu ya kilomita iwe ya uongo. Injini ikikaa silensa, yaani inawaka gari likiwa limesimama, kwa mizunguko 750 kwa dakika, saa mbili za Mombasa Road jioni ni mizunguko 90,000. Gari linaloenda kilomita 60 kwa saa na mizunguko 2,000 linaifikisha idadi hiyo baada ya kilomita 45. Dashibodi haikuzihesabu, na wakati wa silensa ndio shinikizo la oili linakuwa la chini zaidi. Mtu anayesubiri kilomita 10,000 kubadilisha oili kwenye Probox ya biashara Nairobi anailisha cheni yake uchafu.

Ndiyo maana pampu ya oili ilikuwa kwenye ile orodha, na haikuwa wazo baya. Kwenye 1NZ-FE pampu iko ndani ya kava la mbele la taiming, inaendeshwa na krenki moja kwa moja. Kava likiwa limetoka, kuipima ni dakika kumi: filagaji (bapa nyembamba za kupimia nafasi) kati ya rota mbili zinazozunguka ndani ya pampu, kati ya rota na ukuta, na rula iliyonyooka juu yake. Kama nafasi ziko ndani ya kiwango na hakuna mikwaruzo unayoihisi kwa kucha, irudishe. Ikiwa pampu imechoka, hata tensiona mpya itakuwa na njaa ya oili na mlio utarudi. Ya mama ilikuwa nzima.

Sili ya mbele ya krenki haina mjadala, ni kitu cha bei ya chini ambacho kikivuja kinahitaji kuondoa puli tena. Vivyo hivyo na oringi zilizo nyuma ya kava. Angalia pia ufunguo mdogo wa chuma unaoshika sproketi kwenye krenki. Ukiwa umeumia au mfereji wake umepanuka, taiming itacheza hata kama kila kitu kingine ni kipya, na hapo ni safari ya kwa wachonga vyuma.

Gharama ya kufika pale ndani ndiyo inayoamua vitu vya katikati, vile ambavyo kipimo kinasema "bado kidogo." Kufika kwenye cheni ya 1NZ-FE kunamaanisha kutoa mkanda wa nje, puli ya krenki, mkono wa kushikilia injini, pampu ya maji, kava la valvu, kisha kava lenyewe lililobandikwa kwa silikoni. Hizo saa za kazi mteja anazilipa mara moja injini ikiwa mezani, au mara mbili ukimrudishia kitu kilichobakisha robo ya maisha yake. Kitu kikiwa juu ya injini na kikifikiwa kwa bolti chache, kama sensa ya kamshafti, hakuna haja ya kukibadilisha kwa hofu. Kikiwa nyuma ya kava, kipimo cha kati ni sababu tosha ya kukibadilisha.

Magari ya mkanda yana sheria tofauti, kwa sababu mpira hauzeeki kwa kilomita tu. Hiace za dizeli zenye injini ya 5L, na Subaru nyingi zenye EJ20, zinatumia mkanda. Mkanda hupimwa kwa tarehe na kilomita, si kwa macho. Ule wenye nyufa umekwisha, lakini usio na nyufa si mzima kwa sababu hiyo tu. Nyuzi zilizo ndani yake hazionekani. Injini ikifunguliwa, mkanda mpya unafungwa, hata kama wa zamani una miezi sita, na hasa kama umeguswa na oili. Kinachosahaulika ni beringi zinazouongoza. Zungusha kila moja kwa kidole karibu na sikio: ikisikika kama mchanga, au ikizunguka bila upinzani wowote kama pia, grisi imekauka. Mikanda mingi inayokatika kabla ya wakati huuawa na beringi iliyokwama. Kwenye EJ20 pampu ya maji inazungushwa na mkanda huo huo, kwa hiyo inabadilishwa nao. Kwenye 5L mkanda unaendesha pia pampu ya dizeli, na mgandamizo wa injini hiyo ni takriban 22 kwa 1, yaani pistoni inapanda mpaka karibu na hedi kabisa. Mkanda ukiruka meno machache hapo, hutasikia onyo.

Kwa gari lililotoka Japani, fungua boneti na tafuta stika ndogo karibu na kava la taiming au kwenye fremu ya mbele. Gereji za Japani zina desturi ya kubandika tarehe na kilomita za siku mkanda ulipobadilishwa, na mara nyingi mwaka huandikwa kwa hesabu yao: Heisei 20 ni 2008, Heisei 30 ni 2018, Reiwa 1 ni 2019. Stika ikikosekana, chukulia kwamba mkanda ni wa siku gari lilipoundwa. Sheria yetu inaruhusu gari lenye umri usiozidi miaka 8 kuingia, na miaka 8 ni mingi kwa mpira.

Gia za moja kwa moja, kama kwenye Isuzu nyingi za dizeli zinazobeba abiria, hudumu kuliko vyote. Angalia meno yaliyovunjika pembe, pima mchezo kati ya gia na gia kwa dayo (kipimo cha mshale), kagua bushi ya gia ya katikati. Mara nyingi zinarudi.

Sasa dukani. Kitu kilichotumika, kile cha "ex-Japan," nakikubali kwa gia ya VVT-i na sproketi za kamshafti, kwa sababu vinapimika na mimi ndiye nitakayevipima. Sikikubali kwa cheni, tensiona wala reli, hata kikiwa kimetoka kwenye injini safi namna gani. Kwa mpya, wengi wetu tunatafuta Aisin, Tsubaki, au boksi la Toyota lenyewe, na ghushi zinaiga majina hayo hayo. Boksi si ushahidi. Toa cheni, ihesabu viungo, ilaze pembeni mwa ile ya zamani zikiwa zimenyooka. Kagua kama viungo vya rangi, vile vya kupangia taiming, viko mahali pake. Kunja cheni kwa upande: ikipinda kama upinde ikiwa mpya, irudishe kaunta. Reli ya ghushi nimeijua kwa harufu na kwa uzito, plastiki nyepesi inayonuka kama ndoo mpya.

Mwisho wa yote, mama alinunua cheni, tensiona, reli mbili, sproketi ya krenki na sili. Vitu sita kati ya tisa, na oringi na silikoni juu yake. Vifaa vya zamani nilimpa kwenye karatasi ya nailoni aende navyo, ni vyake.

Wakati wa kufunga kuna jambo linalowatisha vijana wanaojifunza. Unapanga viungo vya rangi na alama za sproketi, unaachilia tensiona, unazungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili kwa spana, kama sheria inavyotaka. Alama za sproketi zinarudi mahali pake, lakini viungo vya rangi havirudi. Wengine hufungua kila kitu upya. Hakuna kosa: hesabu ya viungo haigawanyiki sawasawa kwa meno, kwa hiyo viungo hivyo vitakutana tena na alama baada ya mizunguko mingi sana. Unachoangalia baada ya mizunguko miwili ni alama za sproketi na za krenki, na kama mkono umegonga kitu kigumu njiani. Ukigonga, simama hapo hapo. Usilazimishe.

Kabla ya kuwasha, tulitoa plagi na kuchomoa umeme wa injekta, tukazungusha kwa stata mpaka taa ya oili ikazima. Tensiona mpya huwa haina oili ndani, kwa hiyo mlio mfupi mara ya kwanza ni wa kawaida. Ukipita sekunde kama tano, zima na urudi kwenye shinikizo la oili. Probox ilitoa "kra" moja, ikanyamaza, na mama akainama juu ya boneti kusikiliza kwa muda kabla ya kuuliza kama anaweza kupakia mayai kesho.